Nailoni Niliyoirudisha

Mwanaidi mama,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho, sina haja ya kuzijazia karatasi. Umetoka kwenda Uyole kumuaga shangazi yako, na mimi namjua dada yangu, hakuachii mpaka umekula mara mbili na kufungiwa vingine vya njiani. Kwa hiyo nina nafasi. Mvua imeshika, duka nimelifunga mapema, jambo ambalo majirani zangu wa Mwanjelwa watalizungumza wiki nzima, na nimekaa kwenye meza ileile tuliyofungulia boksi lako.

Mambo ya sweta, ya chakula, ya kupiga simu basi likifika Makambako, shangazi yako ameshayasema na leo atayarudia. Mimi nina moja tu. Uliniuliza swali na sikukujibu. Ulisema, "Baba, ulifanya makusudi?" Nikakwambia, nifanye makusudi kwa faida gani, nikachukua kofia yangu nikaenda zangu dukani. Lile halikuwa jibu. Lilikuwa kukimbia, na umri huu kukimbia kunachosha. Tangu siku hiyo tumeongea mengi, ya nauli, ya chumba ulichopata Kihesa kule Iringa, ya kompyuta itafungwaje kwenye basi, na swali lako tumelipita pembeni kila siku kama watu wanaoruka dimbwi mlangoni kwao. Sitaki usafiri nalo.

Basi nianze na boksi lenyewe, maana nililipenda tangu nilipolipokea kule kwenye vifurushi vya basi. Ulikuwa umeniambia umeagiza kipoozeo cha kompyuta Dar es Salaam, mimi nikadhani ni feni. Ile feni yako ya zamani ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga. Ulinieleza kwamba ukishachora nyumba ya mtu, kompyuta lazima ikae masaa ikiipika ile michoro mpaka nyumba ionekane kama imepigwa picha, na wakati huo prosesa, ambayo ndiyo ubongo wake, inachemka hadi inajizima. Nikakwambia kama inapika, isonge mbali na moto kidogo. Ulicheka. Nilipenda ulivyocheka, ndiyo maana nilirudia mzaha ule mara nyingi kuliko ulivyostahili.

Unajua jinsi nilivyo na maboksi. Ulitaka kupasua gundi kwa kisu cha jikoni, nikakunyang'anya nikaifungua taratibu kwa kucha, boksi lisipate kovu. Ndani kila kitu kilikuwa na shimo lake kwenye karatasi ngumu kama trei ya mayai. Rejeta nyembamba, ndefu, nyeusi, sawa na ya gari ila hii unaweza kuipakata. Feni tatu. Mipira miwili iliyotoka kwenye rejeta ikaishia kwenye kichwa cha duara, na humo ukasema kuna pampu. Nikauliza maji yanatiwa wapi. Ukasema, yamo humohumo baba, yalishafungiwa kiwandani, hayaongezwi wala hayatolewi, yanazunguka tu, yanachukua joto kwenye prosesa yanalipeleka kwenye rejeta, feni zinalipuliza nje. Nilikaa nikiiangalia ile mipira. Nimeuza vyombo vya maji maisha yangu yote, ndoo, majagi, madumu, chupa za chai, na sikuwahi kufikiri kuna mtu anaweza kuuza maji yasiyofunguliwa kamwe.

Halafu ukakigeuza kile kichwa. Chini kilikuwa na uso wa shaba, umesuguliwa mpaka niliona ndevu zangu. Na juu ya shaba palikuwa na nailoni nyororo, ngumu kidogo, yenye maandishi madogo mekundu. Wewe uliyasoma. Mimi miwani ilikuwa dukani. Ukaishika kwenye pembe, ukaibandua kwa mkupuo mmoja, na ule mlio wake wa kuachia ukanipita moyoni. Usinicheke. Mfanyabiashara wa vyombo anaujua mlio ule. Chupa ya chai ikiwa ndani ya nailoni yake ni mpya hata kama imekaa rafuni tangu uchaguzi uliopita. Itoe nailoni, iweke rafuni hapohapo, usiiguse, kesho yake mteja ataizungusha mkononi akuulize, hii imeshatumika? Nailoni ikitoka, bei inatoka nayo. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi, na hivyo ndivyo nilivyoishi ndani ya nyumba hii. Rimoti yetu ina nailoni. Kiti cha kulia cha pili kutoka dirishani bado kina nailoni chini, naisikia ikilia ninavyoandika.

Shangazi yako ndipo alipofika getini na gunia lake la maparachichi, akaita. Ulitoka kumpokea. Nilibaki mimi na ile shaba, iko uchi, imelala chali mezani, dirisha liko wazi na vumbi la barabara linaingia. Nailoni ilikuwa pale juu ya mfuniko wa boksi. Nikaichukua. Nikairudisha pale ilipotoka, nikaipapasa kwa kidole gumba kuanzia katikati kwenda pembeni ili isibaki na mapovu, na haikubaki hata moja. Kisha nikakigeuza kichwa, nikakilaza kifudifudi juu ya kitambaa safi. Mwanaidi, nilijisikia nimekutendea wema. Nilijisikia kama nimekufunika shuka.

Umeme ukakatika kabla hujarudi, unakumbuka. Ulisema hatungoji, utafunga hivyohivyo, nami nikumulikie kwa simu. Ukapaka ile dawa ya kijivu juu ya prosesa, kiasi cha punje ya njegere, ukakinyanyua kichwa kwenye kitambaa na kukiteremsha moja kwa moja mahali pake, ukakaza skrubu moja, ukaruka ya mbele yake, ukarudi, kwa msalaba, kama fundi anavyofunga tairi. Nilikusifu. Uso wa shaba hatukuuangalia, wewe kwa sababu ulijua umeshaubandua, mimi kwa sababu nilijua nimeshaufunika, na wala halikunijia wazo kwamba kuna kitu duniani ambacho nailoni inakiharibu.

Yaliyofuata uliyabeba wewe. Ile ofisi ya Iringa uliyoomba kazi ilikuwa imekupa nyumba moja uichore iwe mtihani wako, na tarehe ya mwisho walishakupa. Umeme ukarudi, kompyuta ikawaka, ikaenda kidogo, ikazimika. Ikawashwa, ikazimika. Ulimpigia muuzaji wa Dar, akasema huenda kuna hewa kwenye pampu, iinamishe. Uliiinamisha. Uliilaza ubavu kama mtoto mwenye homa, ukaisimamisha, ukakaa nayo sakafuni sikio lako kwenye bati. Mimi nikatoa maoni yangu ya kijinga kwamba umeme wetu mdogo. Siku moja ulikwenda jikoni ukafungulia maji ya bomba ili nisisikie unalia, na nilisikia.

Kisha, ikiwa imebaki siku moja tu, uliifungua yote upya. Nilikuwa nakunywa chai hapahapa. Ulikinyanyua kichwa, na ile dawa ya kijivu ikawa imesambaa juu ya nailoni, safi, maandishi mekundu ya kuonya ibanduliwe kwanza yanaonekana kwa chini yake, na joto lote lilikuwa limezuiliwa hapo. Hukupiga kelele. Laiti ungepiga. Uliishika kwa vidole viwili kama kitu ulichokitoa kwenye chakula, ukaniangalia, na ukauliza lile swali.

Sasa jibu. Hapana, mama. Sikufanya makusudi. Naapa kwa Mwenyezi Mungu, mkono ulifanya ulichozoea na akili haikuulizwa.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa kweli. Lakini ingekuwa ni kukupunja, na unajua sipendi mtu anayeweka kidole kwenye mizani. Iko nusu ya pili. Siku zile ambazo kompyuta ilikuwa inazimika, mimi nilikuwa na raha. Nilirudi na samaki siku mbili mfululizo, ukaniuliza kuna sherehe gani. Nililala usingizi ambao sikuulala tangu ulipoanza kuitaja Iringa. Uliposimama mlangoni na macho mekundu nikakwambia pole mama, itakaa sawa tu, na ndani ya kifua changu kulikuwa na mtu amekaa vizuri, amekunja miguu, anasema, haendi. Sikujua kwamba ni mimi niliyekufungia njia. Ila nilifurahi kwamba imefungwa. Hilo ndilo ulilolinusa siku ile, hukujua tu uliite nini. Na ndiyo sababu nilikasirika, maana mtu anayesingiziwa hukana palepale, hatafuti kofia.

Nisamehe kwa hilo. Ile nailoni ni mzaha, siku moja utawasimulia wanao na wao watanicheka. Ile raha ndiyo naiombea msamaha.

Nataka ujue imetoka wapi, siyo kwamba najitetea. Tangu mama yako afariki, nyumba hii ilikuwa na sauti moja tu iliyoniambia kwamba sijabaki peke yangu, nayo ni ile feni yako mbovu. Nikiamka kuswali alfajiri naisikia inanguruma chumbani kwako, najua mwanangu yuko, anawajengea watu nyumba kwenye kioo. Hiki chombo chako kipya, tangu ulipokifunga vizuri, hakitoi sauti. Ulikuja kuniita nije nisikilize, umefurahi, ukasema, "Sikia baba, kimya kabisa." Nilisikiliza. Nikakwambia masha Allah. Kazi ikaenda, Iringa wakakuita, na mimi nikaanza kuzoea ule ukimya wakati wewe bado uko chumba cha pili.

Namkumbuka mama yako siku hizi mpaka naumwa mbavu. Yeye hakuwa na tabia hii yangu. Kwao Tukuyu kitu kikinunuliwa kinatumiwa siku hiyohiyo mpaka kiishe, na kikiisha wanakicheka. Unakumbuka friji? Ulikuwa mdogo, hata shule hujaanza, una kucha za kubandua kila kitu. Nilirudi dukani nikakuta umelibandua friji jipya nailoni yote ya mlangoni, umejifunga kichwani, unasema wewe ni bibi harusi. Nilikufokea mpaka ukajikojolea. Mama yako alitoka jikoni akakubeba, akaniangalia, akasema kwa utulivu ule wake ulionikera, "Baba Mwanaidi, friji ni la kwako au unamtunzia mtu?" Nikakaa siku nzima nimenuna nikilifuta friji alama za vidole vyako. Leo ningetoa duka zima nizione alama zile.

Na vikombe. Sasa nafika kwenye vikombe, nilikuwa navizunguka. Ile seti nyeupe yenye mstari mwembamba wa dhahabu, iliyo kwenye kabati la kioo tangu hujazaliwa, nilimpa mama yako mimi mwenyewe, kutoka kwenye mzigo wa kwanza kabisa nilioununua kwa jina langu. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema ndaga, asante ya kwao, kama alivyosema kwa kila kitu hata ukimpa kijiko, na akaanza kutafuta ncha ya nailoni aifungue anichemshie chai. Nikamzuia. Nikamwambia hivi ni vya wageni, tuvitunze. Akavitunza. Ulipofaulu kidato cha nne alitaka kuvitoa, nikasema subiri. Siku ya Idi fulani alivishusha kabisa mpaka mezani, nikasema, hapana, vitapungua, seti ikipungua si seti tena. Akavirudisha kabatini kimoja kimoja vikiwa bado ndani ya nailoni yao, na akiwa amenipa mgongo akaniuliza, "Hivi sisi tutakuwa wageni lini?"

Nilicheka. Nilidhani ametania. Miezi yake ya mwisho alikunywa uji na chai kwenye kile kikombe cha plastiki cha kijani chenye mdomo uliotafunwa, kwa sababu kilikuwa chepesi mkononi mwake, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia, nimeelekeana na kabati, naviangalia vile vikombe juu ya bega lake. Havikunijia akilini. Hilo ndilo linaloniamsha. Ingenijia nikakataa, ningejua mimi ni mbahili, ningetubu. Haikunijia.

Ungedhani nilikuwa nimeshafundishwa, maana somo hili nilipewa mapema na mama yangu, ambaye wewe una jina lake. Nilipotoka Iringa kuja kutafuta maisha huku, nilikuwa na umri kama wako. Asubuhi ya kuondoka mji wote ulikuwa ndani ya ukungu, pale kwetu Miyomboni huoni nyumba ya jirani. Mama hakutoka jikoni. Nilisimama ukumbini na begi langu nikingoja anipe dua, anikumbatie, alie hata kidogo. Kilichotoka jikoni ni sauti tu, "Ufunge mlango vizuri, baridi inaingia." Nikaufunga. Nilikaa na hasira hiyo miaka mingi, kwamba mimi naondoka na mama yangu anaogopa baridi. Juzi nilijisikia nikikueleza kwa mara ya tatu jinsi kamba inavyopitishwa chini ya kompyuta kabla ya kupandishwa kwenye basi, nikanyamaza katikati ya sentensi, maana nilimsikia yeye. Alikuwa hana namna nyingine ya kutamka lile alilokuwa nalo, nami sina. Nampenda leo kwa ajili ya ule mlango kuliko nilivyompenda alipokuwa hai, na haimsaidii kitu.

Kila mwaka nilikuwa nampelekea blanketi. Lile zito, la maua, kwa ajili ya baridi ya kule. Lilikuwa ndiyo barua yangu. Alinishukuru, akasifu, akaliweka. Siku tulipomzika, shangazi yako alifungua sanduku lake la bati na yakatoka yote, kila moja kwenye mfuko wake, zipu haijaguswa. Alikuwa amejifunika lile lake la zamani lililotoboka. Waombolezaji wakasema, ona mwanamke mwenye kutunza. Nami nikasema hivyohivyo, mama alikuwa mtunzaji, na nilisema kwa fahari. Wahenga walisema akiba haiozi. Kweli, hayakuoza. Tuliyagawa yakiwa yananukia kiwanda.

Nakuandikia haya na huku nikifikiria wale vijana wa machimbo wanaokuja kutoka Chunya. Nimekusimulia mara ngapi habari zao kwa dharau, kwamba mchimbaji akipata hana subira. Kuna mmoja alinunua chupa ya chai kwangu, akachana nailoni mlangoni kwa meno, akaenda kwa mama lishe wa jirani akaijaza, akarudi akaketi kwenye ngazi yangu akanywa chai yake kwa kutumia kifuniko, jua linampiga usoni, mavumbi mpaka kwenye kope. Akanikaribisha. Nikakataa, nikasema nina kazi. Usiku nilimwambia mama yako, tukamcheka, ila yeye alicheka kidogo tu, na baadaye akasema angependa kujua chai ile ilikuwa na ladha gani. Sasa nami ningependa kujua.

Sikuambii uishi kama mchimbaji. Unanijua, mwezi wa kwanza nitakuuliza umeweka akiba kiasi gani, na ujibu vizuri. Nakuambia tu kwamba baba yako alijua kutunza kila kitu isipokuwa wakati wenyewe wa kukitumia, na aliwapenda watu wake namna ileile, kwa kuwafunika na kuwaweka juu. Watu wa msikitini wananiuliza inakuwaje nimruhusu binti aende akakae peke yake mji wa watu. Nawajibu si mji wa watu, ni mji wa mama yangu. Jibu hilo linawanyamazisha, mimi halinisaidii. Ningekuwa na uwezo ningekurudisha kwenye trei yako ya karatasi, kila kiungo kwenye shimo lake, na gundi juu. Lakini niliiona ile shaba ilivyokuwa imekwama chini ya nailoni niliyoibandika kwa upendo wote. Haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa haigusani tu na kazi yake.

Nenda kaguse kazi yako, mama. Iringa utaikuta baridi, na asubuhi watakusalimia kamwene, nawe ujibu kamwene, usijibu kizungu. Ukipita Miyomboni usiitafute ile nyumba, ilishauzwa na sijui hata rangi yake. Ila kukiwa na ukungu, simama kidogo. Nilikuwa nikisimama pale nikiwa mtoto nikimsikia mama ananiita bila kumwona. Sijawahi kumwambia mtu kwamba ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote, kuitwa na mtu usiyemwona, na kujua kabisa alipo.

Sasa sikiliza nilichofanya leo, kabla hujakiona mwenyewe ukadhani nimepagawa. Baada ya swala ya alasiri nimefungua kabati. Nimevitoa vile vikombe nikaviweka hapa mezani, nikatafuta ncha ya nailoni. Ilikuwa imegandana kwa uzee, haikutoa ule mlio, ilimeguka tu vipande vipande kama ganda la kitunguu. Nimevipeleka jikoni kuviosha mwenyewe. Kimoja kimeniponyoka, mkono wake umekatika kwenye sinki. Nilisimama pale nikingoja roho iniume. Iliniuma kidogo, kisha nikasikia mama yako anacheka, au ni mvua.

Karibu nusu ya vikombe vizima nimeviweka kwenye begi lako, katikati ya nguo, nimevifunga kwa khanga ile ya bluu ya mama yako. Ndiyo, nimevunja seti. Mwambie shangazi yako akae kitako kabla hujamwambia. Kule Kihesa usivipandishe kabatini. Vikivunjika vyote kabla ya Ramadhani nitajua vimefanya kazi.

Ukirudi usiku huu hutaniuliza chochote, na mimi nitajifanya nasikiliza redio. Barua hii utaikuta juu ya boksi la kompyuta. Lakini kesho uamke mapema kabla ya basi. Nitachemsha chai ya tangawizi, nitatandika meza. Mimi nitanywea kile kilichokatika mkono, wewe utanywea kizima. Nimekuwa nikiitunza seti ile kwa ajili ya mgeni, na jioni hii ndipo nilipoelewa ni nani. Ukija Idi utabisha hodi, utakuja na zawadi, nitakuuliza utakaa siku ngapi. Kwa hiyo kesho njoo unywe, Mwanaidi, ungali bado mwenyeji.

Baba yako